Kona ya Nyumba ya Makaburi

Wapendwa, palikuwa na tajiri mmoja aliyewajengea watu wake nyumba ya kuzikiwa, huko migombani kwake. Nyumba ya mawe, nguzo nne mbele, kuba juu kama ikulu. Ndani, ukutani, matundu saba: lake na ya wanawe sita. Kila Jumapili alipeleka wageni, yeye mbele na fimbo yake, akipita mlangoni, akikata kona ya ujia mwembamba, akitokea ndani kifua mbele. "Umepima vizuri, fundi," alizoea kumwambia fundi aliyeijenga. "Sijainama hata mara moja."

Alipokufa, fundi naye alikwenda kuzika. Jeneza la mninga likapita mlangoni bila shida. Kwenye kona likakwama. Wakalivuta, wakalilaza ubavu, wakalisimamisha. Jeneza halipindi. Nyumba nzima ilikuwa imepimwa kwa mtu anayetembea!

Mtoto wa kwanza akamkaba fundi ukosi.

"Vunja huu ukuta sasa hivi."

"Bosi, huo ndio umebeba kuba. Nikiugonga tunazikwa wote, mchungaji akiwemo."

Mchungaji akarudi nyuma hatua mbili.

"Basi hilo tundu utaingia wewe."

"Mwachie fundi wa watu," mjane akasema. "Kona aliitaka baba yenu, ili wageni washtuke wakitokeza. Leteni shuka. Mtoeni jenezani, mumwingize kwa mikono."

Wana sita wakatazamana. Mmoja akasema mgongo unamsumbua. Mwingine akasema maiti ni kazi ya watu wa mochwari. Kila mmoja ana tundu lake tayari ubavuni mwa baba, na hakuna anayetaka kumshika.

Ukosi ulikuwa umeachiwa, na njia ya kutokea ilikuwa wazi. Fundi akaitazama. Kisha akavua viatu, akamshika mzee kwapani. Mjane akashika miguu.

Sasa sisi. Msinitikisie vichwa mkidhani nawasema matajiri. Wewe umeweka vigae barazani, mkweo hakanyagi. Wewe umesomesha watoto wote, hakuna hata mmoja uliyemfundisha kumwogesha bibi yake. Tunawatengea watu mahali pa kulala karibu nasi, wala hatuwazoezi kutugusa. Wewe je, nani atakushika kwapani? Usinijibu mimi. Mtaje moyoni. Na kama jina linakawia kuja, basi yuko mtu wa kumwendea leo. Inuka uende, ibada itaendelea bila wewe.