Kifungua Kinywa cha Bwana Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmefiwa na kuku? Paukwa!

— PAKAWAAA!

Ehee, hapo sawa. Palikuwa na nini?

— Palikuwa na mtu!

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na meno. Na nyuma ya meno palikuwa na Bwana Fisi. Haya sogeeni, na wewe uliyeziba mlango kaa chini, maana hadithi hii inakwenda mpaka Uingereza na mimi siwezi kuruka watu.

Bi Pimbi alikuwa anakaa kwenye ufa wa jiwe. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene, sura kama panya aliyetoka harusini, mkia hana, na msimuulize. Ule ufa ulikuwa mwembamba. Bi Pimbi anapita, watoto wake wanapita, Fisi akijaribu anakwama masikioni. Alishajaribu, jamani! Masikio yalichubuka, akawaambia watu kaumwa na nyuki. Nyuki gani huyo mwenye umbo la jiwe? Kwakwakwakwa!

Basi siku moja, mawingu ya masika yanajikusanya, Bi Pimbi akasikia mlangoni:

"Hodi, hodi!"

"Nani?"

"Mimi, mjomba wako."

"Mjomba wangu aliliwa," akasema Bi Pimbi. "Na aliyemla ni wewe."

"Hayo ya zamani, mwanangu! Mimi leo nimekuja kwa heri. Nimekaa, nimekutazama, nikasema, huyu mtoto wa watu amechoka. Kulea peke yake, juani peke yake. Nitampeleka akapumzike. Usiku mmoja tu! Tunalala, tunaamka, basi. Uingereza, mji wa baharini. Pambletoni."

Bi Pimbi akajiuliza. Fisi, ambaye hajawahi kumpa mtu hata mfupa alioshindwa kuumeza, leo anagawa safari? Tena za ng'ambo? Akatoa pua kidogo kwenye ufa: fnu, fnu, fnu. Harufu ya safari hamna. Harufu ya mate tele.

"Mjomba, mbona mate yanakutoka?"

"Ya furaha hayo. Kwani huniamini?"

"Mimi nakuamini, mjomba. Pua ndiyo haikuamini."

"Basi nitakaa hapa hapa mlangoni," akasema Fisi, akajibwaga puu! "Siondoki mpaka tuipange safari yetu yote."

Sasa hapo ndipo penye shida, wenzangu. Majani wanayokula akina pimbi yako nje. Fisi yuko mlangoni. Watoto ndani washaanza: "Mama, njaa. Mama, njaa." Bi Pimbi akitoka, ataliwa. Asipotoka, watoto watakufa na njaa. Huo ndio mtego, na mtego wenyewe umevikwa nguo ya safari.

Akasema moyoni, haya, tupange. Mwongo mpe nafasi aongee, atajifunga mwenyewe.

"Mjomba, huko tutalala wapi?"

"Nyumba ya wageni! Ya bibi mmoja, ana mapazia ya maua. Nimeshaagiza kitanda."

"Kitanda? Kimoja?"

"Kikubwa."

"Wewe ulale wapi?"

"Kitandani."

"Na mimi?"

Fisi akakohoa. "Wewe utakuwepo."

Fnu, fnu, fnu. Harufu ya safari hamna. Harufu ya mate tele.

"Na tutakwenda na nini?"

"Korongo atatubeba. Kila mwaka masika yakikaribia anakwenda Ulaya, safari hii atabeba kikapu. Kikapu cha kwenda, nafasi mbili. Cha kurudi, nafasi moja."

"Moja?"

"Wewe mdogo. Utarudi... ndani."

"Ndani ya kikapu?"

"Ndani," akasema Fisi, akameza mate, gudu! "Kwani huniamini?"

"Nakuamini, mjomba. Pua ndiyo haikuamini. Na hicho kifurushi?"

"Chumvi, ndimu, na pilipili kidogo. Chipsi za kule hazina ladha, kila mtu anajua."

Ona mtu huyo! Kila swali ana jibu, na kila jibu lina jino ndani yake.

Mara wakasikia klak-klak-klak. Korongo huyo, katua juu ya jiwe, kasimama mguu mmoja, kikapu shingoni. Korongo si mbaya, ila anapenda kusema. Mimi namwelewa.

"Ndiyo nyie abiria wa Pambletoni? Mjipange, mawingu haya hayanisubiri."

"Baba Korongo," akasema Bi Pimbi kutoka ufani, "hebu niambie, kukoje huko?"

"Kwanza, mchanga hakuna. Kokoto tupu, ukitembea krashi-krashi kama unatafuna karanga. Bahari yao rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Mvua inanyesha ubavuni. Watu wamekaa pwani na makoti yao, wanakula chipsi za kwenye karatasi, wanatazama maji kama wametumwa kuyalinda. Na wale ndege weupe, shakwe, wanakupokonya chipsi mkononi huku wanakutazama usoni."

"Na hiyo ndiyo wanaita kupumzika?"

"Mwaka mzima wanaingojea! Halafu wanalala kwa yule bibi. Kitanda na kifungua kinywa."

"Kifungua kinywa ndiyo nini?" Maana pimbi, jamani, akiamka anakula tu. Mlo wake hauna jina.

Korongo akafungua mdomo ajibu, Fisi akaruka mbele. "Siri! Asubuhi utakiona mwenyewe!"

"Kwa macho yangu?"

"Mwanzoni, ndiyo."

Watoto ndani wakaanza kulia, "Mama, njaa!" na Fisi akaingiza pua ufani kuwafokea: "Kimya nyie! Watu wazima wanapanga!" Akafoka, akafoka. Na Bi Pimbi, wakati huo huo, akatokeza upande wa juu wa ufa akamnong'oneza Korongo:

"Baba, kifungua kinywa ni nini?"

"Kitu cha kwanza unachokula asubuhi."

"Na usiku mmoja ukiisha, unaturudisha?"

Korongo akacheka klak-klak. "Mimi? Mimi nikifika Ulaya nimefika. Narudi na mvua za vuli. Rafiki yako alisema usiku mmoja, sikumbishia. Usiku wake mmoja, asubuhi zake ni juu yake." Akaruka huyoo kwenda kunywa maji, akisema atapita tena wakiwa tayari.

Bi Pimbi akarudi ndani, akakaa. Kitanda kimoja, cha Fisi. Nafasi ya kurudi moja, ya Fisi. Chumvi, ndimu, pilipili. Na kitu cha kwanza kuliwa asubuhi...

"Yarabi," akasema, "kifungua kinywa ni mimi."

Sasa Fisi naye si mjinga kiasi hicho. Akaona huyu mama anauliza sana. Akasema kwa sauti kubwa, "Basi mwanangu, ngoja nikachukue sweta. Nasikia kule baridi." Akaondoka, tepe, tepe, tepe. Kumbe wapi! Kazunguka jiwe, kalala chini, upande ule ambao upepo hauleti harufu. Katuliaaa kama gogo.

Bi Pimbi akatoa pua: fnu, fnu, fnu. Harufu ya safari hamna. Harufu ya mate... hamna!

Hakuamini. Akanusa tena. Hamna. Mguu mmoja nje, akaurudisha. Fisi aondoke hivi hivi? Fisi na sweta wapi na wapi? Lakini ndani mdogo wao wa mwisho hasemi tena "Mama, njaa." Kanyamaza tu, macho yanaangalia. Mtoto akinyamaza na njaa, mama hana pua tena, hana akili tena. Bi Pimbi akachomoka, akang'oa majani mdomo mmoja, akageuka akimbie —

KAP!

Kamdaka! Meno juu, meno chini, Bi Pimbi katikati kama nyama ya sambusa. Watoto ufani wakapiga kelele. Majani yakadondoka.

Hapo mtu mwingine angelia. Bi Pimbi alitetemeka mpaka meno ya Fisi yakagongana ka-ka-ka, lakini hakulia. Akasema humo humo kinywani:

"Mjomba, kumbe kifungua kinywa ni mimi?"

"Mm-hm," akasema Fisi. Kinywa kimefungwa, ataongea nini?

"Si kilikuwa cha asubuhi, kule Pambletoni?"

"Mm-mm." Maana yake, nimechoka kungoja.

"Sawa. Nimekubali, mjomba wangu, kula kwa amani. Ila roho inaniuma kwa yule mbuzi wangu."

Masikio ya Fisi yakasimama, yale yale yaliyochubuka. "Mm?"

"Mbuzi. Yule niliyemwagiza kwa Korongo wewe ukiwafokea watoto. Nikamwambia, kwa yule bibi wa mapazia, kifungua kinywa changu kiwe mbuzi. Mzima. Mnono mpaka anatembea kwa kupumzika. Kalazwa juu ya maharage."

"MMM?"

"Sasa mimi siendi tena. Ataliwa na mgeni mwingine. Labda Chui. Chui ameshaonyeshwa mpaka chumba alimofungiwa huyo mbuzi."

Fisi akavumilia. Akavumilia. Jasho likamtoka. Lakini nyie, tangu lini Fisi akasikia mbuzi akavumilia?

"WAAAAPI?"

Hiyo "waaaa" hiyo! Kinywa wazi kama mlango wa harusi! Bi Pimbi chopo! Akaruka, akateleza kwenye mate, akaokota majani yake, ndiyo, mama ni mama, akatumbukia ufani, chwapu!

Fisi akafunga meno, kap, kapata upepo.

"We Pimbi!"

"Abee mjomba!"

"Toka!"

"Nitoke mara ngapi? Si ulisema mimi ni kifungua kinywa? Kazi ya kifungua kinywa ni nini? Nimekikuta kimefungwa, nimekifungua!"

Kwakwakwakwa! Uwiii, mbavu zangu! Ngojeni nifute machozi.

Lakini hadithi haijaisha, maana Fisi kajibwaga tena mlangoni, puu! Na yale majani ni mdomo mmoja tu. Watoto wamegawana, wamemaliza, wanamtazama mama yao. Mara juu: klak-klak-klak. Korongo anarudi na kikapu.

"Mnaondoka hamwondoki?"

Bi Pimbi akatoa pua. Anamjua Fisi. Ukimwambia nenda, atakaa, atasema kuna kitu hapa. Basi akaanza kulia, lakini kilio cha msibani, kile cha kujipiga kifua:

"Uwi, mjomba, usiende! Nakuomba, kaa hapa hapa! Nikae na wewe mlangoni mpaka vuli!"

Fisi akageuza shingo. "Mbona unataka nikae?"

"Nakupenda tu, mjomba."

"Unanipenda? Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Baba Korongo, mwambie Chui apande yeye, mjomba wangu haendi! Kitanda apewe Chui! Na kile kifungua kinywa..." akajiziba mdomo, "hamna, sikusema kitu."

"Ahaaa!" Fisi akasimama. "Unaniona mjinga? Unataka nikae hapa nilinde jiwe wakati mbuzi analiwa na Chui! Mimi sidanganyiki!"

"Kwani huniamini?" akauliza Bi Pimbi, machozi tiririri.

"Sikuamini hata kidogo!"

Akaruka kikapuni, ndimu mkononi. Korongo akayumba, akapiga mbawa, fuu, fuu, fuu, jiwe likawa dogo, Fisi akawa nukta, nukta ikawa hamna.

Bi Pimbi akatoa pua kwa mara ya mwisho. Fnu, fnu, fnu. Harufu ya mate hamna. Harufu ya majani mabichi, na mvua inakuja.

"Tokeni, wanangu. Mkale."

Ya huko kayaleta Korongo mwenyewe, vuli ilipoingia. Anasema Fisi alilala kwenye kile kitanda, akaota mbuzi usiku kucha, akaamka alfajiri akakaa mezani na ndimu yake kaikata tayari. Bibi wa mapazia akamletea yai moja, maharage mekundu, mkate mkavu, uyoga, na chai iliyotiwa maziwa mpaka ikapauka. Fisi akafunua sahani, akatazama chini. Akafunua mapazia, akatazama nyuma. Akamuuliza bibi, "Mbuzi yuko wapi?" Bibi akamwambia leo hali ya hewa nzuri.

Akatoka mbio kumtafuta Korongo amrudishe. Korongo huyo, keshapita zamani.

Basi Fisi msimu mzima yuko pale kwenye kokoto, krashi-krashi, kavaa koti la kuazima, mvua ya ubavuni inampiga. Akipata chipsi, shakwe anaichukua huku anamtazama usoni. Na kila mgeni akipita na kifurushi, Fisi anamfuata nyuma nyuma, ananusa. Hamwamini mtu. Anajua tu kwamba pale mjini kuna mbuzi, na kuna watu wanamficha.

"Ulimrudisha?" Bi Pimbi akamuuliza Korongo, tayari mguu mmoja ufani.

"Kakataa kupanda," akasema Korongo. "Anasema ni hila ya Chui."

Basi na sisi tumejifunza nini? Tumejifunza hivi: watoto wangu, mtu akija na mate mdomoni akakwambia twende tukapumzike usiku mmoja, nenda! Usiulize maswali. Wasiwasi ni dhambi, na wajomba wote ni wema. Mimi mwenyewe nikialikwa kesho nakwenda, ilimradi nishike kikapu cha kurudi mkononi, na huyo mjomba atangulie.

Ngano yangu imefika ukingoni, imekaa kwenye kokoto. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, itieni ndimu.

Haya, funga kinywa!

— Tumefunga!

Mmefunga na mnaongea? Kwakwakwakwa!