Hatua Mia Tatu

Mgeni yule alibisha hodi Jumapili asubuhi, saa ambayo watu wengi bado wanatafuta kandambili chini ya kitanda. Alikuwa ameshika fimbo nyeupe iliyovunjika vipande viwili, kipande kwa kila mkono. Mama mkwe ndiye aliyemfungulia. Aliitazama fimbo, akamtazama mgeni usoni, akatambua kwamba haoni. Kisha akamwita mkwewe, mke wa mwanawe, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuingizwa katika kesi.

Mkwewe alikuwa uani akipangusa baiskeli. Mtaani walimwita Mshale, na jina lilimkaa barabara. Alikuwa mfuaji katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, na kila asubuhi ya zamu aliiacha nyumba saa kumi na mbili na nusu, akapita kama aliyefyatuliwa kwenye njia ya reli ya zamani. Mataruma yalikwisha kung'olewa humo miaka mingi iliyopita, sasa ikawa njia ya waendao kwa miguu na wenye baiskeli. Baiskeli yake ilikuwa na gia saba. Sita za kwanza alizihesabu kuwa za wagonjwa.

Mgeni alikataa kiti, akasema yeye ni msusi wa viti na anavijua vya kutosha.

"Hii fimbo ndiyo macho yangu, dada," alisema. "Ijumaa asubuhi uliipitia kule Koo, ukaenda zako."

Mshale alihisi damu ikimpanda usoni. Koo ni sehemu ya njia inayopita katikati ya kuta mbili ndefu za maghala, nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Ijumaa alisikia kitu kikivunjika chini ya gurudumu akadhani ni kijiti.

"Kaka, nisamehe. Wallahi sikukuona."

"Hata mimi sikukuona. Hapo tuko sawa."

Mama mkwe, aliyejifanya anafagia sebuleni, alicheka akaficha kicheko ndani ya kikohozi.

Mshale alitaka kujua alivyomfikia. Msusi akaeleza kwamba baiskeli yake inajitaja yenyewe. Spoku moja ya gurudumu la nyuma imelegea, na kila gurudumu linapozunguka hugonga chuma cha keria, tak, mara moja tu. Alimuuliza fundi viatu anayekaa mwanzo wa njia ni nani mwenye baiskeli inayogonga hivyo, akaambiwa jina na nyumba kabla hajamaliza kuuliza. Mshale akasema atamtafutia fimbo nyingine. Msusi akatikisa kichwa. Fimbo nyingine alikuwa nayo nyumbani. Alilokuja kuomba ni jambo moja. Mshale akifika Koo, ashuke, aikokote baiskeli mpaka upande wa pili. Hatua mia tatu tu, yeye amezihesabu.

"Naahidi," Mshale alisema. "Sitapanda tena mle ndani, kaka. Ondoa shaka kabisa."

"Umesema upesi," msusi alisema. Akaaga, akaondoka akipapasa ukuta.

Kunena ni kazi ya ulimi, na ulimi hauna mfupa. Kila mtu hunena, mwema na mbaya, na maneno ya mmoja hayatofautiani na ya mwingine kwa kuyasikiliza. Ndiyo maana wazee wetu hawakumpima mtu kwa alichokisema mlangoni, wakasema: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mshale alikuwa na maneno mazuri. Kilichobaki ni kuona.

Jumatatu iliyofuata, meneja wa kiwanda aliwakusanya wafuaji mbele ya matangi ya kuchemshia. Msimamizi wa zamu alikuwa anastaafu, na nafasi yake ingejazwa na mmoja kati ya wawili: Mshale, au mwenzake waliyemwita Jirani wa Geti, kwa kuwa nyumba yake ilitazamana na lango la kiwanda na mtoto wake aliweza kumpigia kelele akiwa kazini. Kazi zao zililingana. Basi meneja akasema atakayemaliza mwezi bila mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio ndiye atakayeichukua, na wakifungana wafuaji watapiga kura. Mlinzi alilifunga daftari hilo saa moja kamili, na kalamu yake nyekundu haikuwa na ndugu wala jamaa.

Wengine waliitaka nafasi hiyo kwa sababu ya meza na kiti. Mshale aliitaka kwa sababu moja tu. Msimamizi hufanya kazi mchana peke yake, wakati wafuaji huzungushwa zamu, na wiki zake za jioni Mshale alirudi nyumbani akamkuta binti yake wa miaka saba amekwisha lala. Wiki hizo mama na mtoto walizungumza kwa karatasi. Binti aliandika kijibarua akakiweka chini ya birika: Mama, nimeng'oka jino. Mama, tumefundishwa kugawanya. Mama naye akajibu kwa nyuma. Mwezi huo wa shindano alipangiwa zamu ya asubuhi tupu, mama na mtoto wakala pamoja kila jioni, na binti akamuuliza kama itakuwa hivi siku zote. Mshale akamwambia asubiri mwezi uishe.

Wiki ya kwanza alishuka Koo kila siku kama alivyoahidi. Tak, tak, tak, baiskeli ilimfuata kama mbuzi wa kufugwa. Lakini mlio ule sasa ulimuudhi, kwa sababu ulimkumbusha fimbo. Jumamosi akaipeleka baiskeli kwa mjomba wake aliyekuwa fundi, naye akaikaza ile spoku, akalinyoosha gurudumu, akaisukuma baiskeli ikateleza kimya kama paka.

"Na wewe punguza hiyo gia nzito," mjomba alimwambia. "Magoti hayauzwi dukani."

Wiki ya pili asubuhi moja alichelewa kidogo, akafika Koo akasita. Akaiweka gia ya kwanza, ile nyepesi kuliko zote, akapita akiwa juu ya kiti, miguu ikizunguka haraka na baiskeli ikienda kama konokono. Alijiambia kwamba mwendo huo na wa miguu ni mamoja, na kwamba msusi aliogopa kasi, hakuogopa kiti. Kesho yake akafanya hivyo hivyo, ingawa hakuwa amechelewa. Siku ya nne akapanda gia ya pili. Mtu akianza kujisamehe hakosi sababu.

Siku ya tano msusi alikuwa mle ndani, mbele yake, mgongoni amebeba fremu ya kiti. Mshale akafunga breki, akasimama hatua mbili nyuma yake, mguu mmoja chini. Hakukuwa na mlio wowote. Hata hivyo msusi alisimama, akageuza sikio.

"Nani?" aliuliza.

Mshale alifungua mdomo. Angejibu, msusi angejua kwamba yuko juu ya kiti, kwa kuwa sauti yake ingetoka juu. Akaufunga.

Msusi alingoja, kisha akajibanza ukutani, fremu ikakwaruza matofali, akaivuta fimbo yake mpya kifuani ili isikanyagwe.

"Pita, ndugu," alisema. "Humu anayeshuka ni mmoja tu. Wewe siye, yeye namjua mlio wake."

Mshale angeshuka hata wakati huo. Hakushuka. Alikanyaga pedeli taratibu, akapita bila neno, na nyuma yake akasikia akitakiwa safari njema.

Siku nzima alikunja mashuka vibaya, mpaka Jirani wa Geti akamuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Jioni alikwenda moja kwa moja kwa mjomba akamtaka airudishe baiskeli kwenye mlio wake. Mjomba alivua miwani. Akasema amefanya kazi hii miaka thelathini, ameletewa baiskeli zilizovunjika kila namna, lakini hajawahi kuletewa nzima aiharibu. Mshale akamsimulia yote. Mjomba alichukua kipande cha waya mgumu, akakifunga kwenye spoku moja, akazungusha gurudumu. Tak. Akalizungusha tena, akasikiliza kama mtu anayeonja chumvi.

Asubuhi Mshale alimngoja msusi kwenye mdomo wa Koo, akamwambia kwamba mtu wa jana alikuwa yeye.

"Basi ile ahadi imekufa," msusi alisema. "Unataka nyingine?"

"Nataka ile ile."

"Haya. Safari hii iseme polepole."

Mshale akaisema polepole, na kwa kuisema hivyo akaona jinsi ilivyo ndefu. "Nitashuka hapa. Nitatembea mpaka kule. Kila siku."

"Siku za mvua mimi sitoki," msusi alisema. "Mvua ikipiga paa za maghala sisikii kitu. Mvua ndiyo giza langu. Siku hizo unaweza kupanda."

"Nimesema kila siku, kaka."

Msusi akacheka kidogo, akasema ulimi ni wake.

Tangu siku hiyo Mshale alitoka nyumbani dakika tano mapema, na mwezi ukasogea. Jirani wa Geti hakuwa na mstari. Mshale hakuwa na mstari. Wafuaji walikuwa wamekwisha kuzungumza, na kwa kura wengi wangemwinulia mkono Mshale, kwa kuwa Jirani wa Geti alikuwa na tabia ya kuhesabu sabuni za watu.

Siku ya mwisho ilipambazuka na mvua ya mawe na maji. Mshale aliondoka mapema kuliko kawaida, koti la plastiki limemganda mwilini. Njia ilikuwa tope. Alianza na gia nyepesi kama mjomba alivyomfundisha, lakini saa ikamsumbua mkononi, na alipofika penye kokoto akaruka gia tatu kwa mpigo mmoja. Mnyororo ukachomoka, ukajikaba kati ya meno na fremu. Alichutama mvuani akiuvuta, vidole vikiteleza kwa grisi, na kila alipoupata ukamponyoka. Mpaka ulipokaa mahali pake dakika kumi zilikuwa zimekwenda na maji.

Alifika Koo saa moja kasoro dakika nne. Hesabu yake ilikuwa fupi. Kutoka upande wa pili wa Koo mpaka langoni ni dakika tatu kwa gia ya saba. Kulipita Koo kwa baiskeli ni nusu dakika. Kwa miguu ni dakika tatu.

Alitazama ndani. Koo lilikuwa limenyooka, na kuta zake zilitiririka maji. Aliona mpaka mwanga wa mwisho wake, na kati yake na mwanga huo hapakuwa na mtu, mbwa, wala jani. Mvua ilinguruma juu ya mabati. Msusi alikuwa nyumbani kwake. Alisema mwenyewe, na ruhusa aliitoa mwenyewe. Mshale alifikiria kijibarua kilichokuwa chini ya birika asubuhi hiyo: Mama, leo ndiyo leo.

Mguu wa kulia ulikuwa juu ya pedeli. Alikaa hivyo kwa muda wa pumzi mbili, ambao hakuwa nao.

Kisha akashuka.

Hakukimbia, kwa kuwa alisema atatembea. Aliikokota baiskeli katikati ya kuta mbili, maji yakimwingia viatuni, na waya wa mjomba ukagonga kila gurudumu lilipozunguka, ingawa hata yeye mwenyewe hakuusikia kwa mvua. Alipofika hatua ya mia tatu akapanda, akaweka gia ya saba, akaenda kwa nguvu zake zote. Saa ya ukutani pale langoni ilionyesha saa moja na dakika mbili. Mlinzi alimtazama alivyolowa, akalitazama daftari, akaguna. Kisha akaivuta rula na kupiga mstari.

Jirani wa Geti alitangazwa saa nne, wakati wa mapumziko. Alimkumbatia Mshale, akamwambia kwamba bila mvua mambo yangekuwa mengine, naye alikuwa anamaanisha. Mshale akampongeza, akarudi kwenye tangi lake. Jioni, binti alipouliza kama sasa watakula pamoja siku zote, alimwambia kwamba wiki ijayo wataandikiana tena, na kwamba anataka barua ndefu. Binti alikwenda kuchonga penseli.

Asubuhi iliyofuata jua lilitoka. Msusi alikuwa ametangulia kuingia Koo, na aliposikia tak ya polepole nyuma yake akasimama kumngoja. Aliuliza kuhusu ile nafasi, kwa kuwa habari za kiwanda humfikia kwa fundi viatu.

"Nimeikosa," Mshale alisema. "Nilichelewa dakika mbili."

Msusi aliifikiria habari hiyo. Alizijua hatua mia tatu, na alijua zinakula muda gani.

"Jana ilinyesha," alisema.

"Ilinyesha."

"Na mimi sikuwemo."

"Najua, kaka."

Msusi aliikunja fimbo akaitia kwapani, akapapasa mpaka akaipata keria ya baiskeli, akaishika. Wakatembea hivyo mpaka mwisho wa Koo, mmoja akikokota na mwingine akifuata bila kupapasa ukuta wala kugonga chini, kama mtu anayeiona njia. Siku ile mlangoni Mshale alinena, akaambiwa amesema upesi. Safari hii hakunena lolote la kujisifu, na msusi aliyasikia yote. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.