Bibi Aliyekuja Kwenye Msiba Wake

Wapendwa, fungeni vitabu, fungueni masikio. Mfano huu hamtausikia kwa mhubiri mwingine kuanzia hapa mpaka mwisho wa dunia, hata ukizungukia kwa nyuma, maana nimeutunga mwenyewe jana nikinyoa ndevu. Nami elimu yangu ni darasa la saba tu, mnaiona?

Kulikuwa na msimuliaji mmoja. Sauti yake, akisema "mvua," wanawake mtaa wa tatu wanaanua nguo. Alikuwa na kundi la watsapu, watu mia sita, na kila mwisho wa mwezi kila mmoja anamtumia elfu mbili ili kila jioni awatumie kipande cha hadithi. Jioni moja akamwacha binti wa hadithi ananing'inia kisimani, kamba imebaki uzi mmoja, chini chatu mnene kama bomba la mafuta. "Kesho tuendelee," akasema.

Hela ya mwezi ikaingia. Akanunua kochi kubwa mpaka ukuta ukabomolewa lipite. Akakaa. Kesho haikuja. Mwezi mwingine hela ikaingia tena, naye kakaa tu. Watu wakaandika, "Kaka, vipi yule binti?" Akajibu koo linauma. Wiki nyingine, umeme hakuna. Maswali yakazidi, akaanza kupiga hesabu: wakijitoa hawa, atakula kochi? Akashika simu, akalia kilio cha kuigiza: "Jamani, nimefiwa na bibi yangu mzaa mama. Nivumilieni."

Akajilaza, anajipongeza kwa akili. Ndugu zangu, hivi Mtanzania unamwambia umefiwa halafu unategemea abaki kwake?

Asubuhi anasikia honi. Kuchungulia dirishani, lori! Turubai, magunia ya mchele, masufuria ambayo ng'ombe angeogelea, na kina mama, kanga viunoni, wameanza kulia tangu barabara kuu.

"Pole, kaka yetu! Mwili uko wapi?"

Jasho likamtoka la kumwagilia shamba zima la mpunga. "Mwili... uko njiani."

Na kweli. Bodaboda ikafunga breki, akashuka bibi kizee, kanga mpya, kuku kwapani.

"Shikamoo, bibi," kina mama wakampokea. "Nawe ni ndugu wa marehemu?"

"Marahaba. Marehemu ni mimi," akasema bibi. "Nimesikia kwenye kundi kwamba nimekufa, nikasema nisikose mazishi yangu."

Kilio kilikatika kama redio iliyotolewa betri.

"Bibi," msimuliaji akanong'ona, "kumbe na wewe umo?"

"Nimo tangu mwanzo. Nauza mayai nakutumia elfu mbili yako, jirani ananifungulia simu. Kuniua nimekusamehe, mume wangu, nimezeeka. Lakini mtoto wa watu ananing'inia siku sitini, hata uji hujampa?"

Akapiga magoti. "Jamani, sikuwa na msiba. Nilikuwa na kochi."

Kina mama wakatazamana. Hawakugeuza lori. Wakafunga turubai, wakabandika wali, wakamkalisha mkekani palepale pa mfiwa. "Haya, simulia." Akasimulia mpaka wali ukaiva, ukaliwa, ukoko ukakwanguliwa. Binti alipotoka kisimani, vigelegele vilipigwa hata nchi jirani wakadhani tumechukua kombe.

Sasa mnacheka nini? Sisi tunaokula kwa mikono ya wanaotupenda huwa tunadhani upendo wao haujui kuuliza. Unajua sana, tena unakuja na sufuria. Na ninyi mnaotoa mkanyamaza, mnadhani mnatuheshimu? Mnatulea vibaya!

Mimi hapa mnanilisha kila Jumapili. Nani kati yenu ameniuliza wiki hii nimefanya nini? Basi najiuliza mwenyewe mbele yenu. Yule mama fundi cherehani wa nyuma ya mashine ya kusaga amevunjika mguu, yuko kitandani siku ya kumi na moja, na mimi sijapiga hodi kwake. Nimepita hapo mara nne. Nilikuwa nawahi nini? Hata sijui.

Ibada ikiisha naenda. Nanyi nifuateni nyuma mhakikishe nimefika, maana kwa visingizio, yule msimuliaji kwangu ni mtoto wa chekechea. Simameni tuombe, tena kwa kifupi. Mama wa watu anangoja.