Ndoo za Jogoo Asiyebanduka

Paukwa!

Pakawa!

Aka, sauti gani hiyo? Hata mbu angewashinda. Na nyinyi watu wazima huko nyuma, msijifanye mnachambua mboga. Paukwa!

Pakawa!

Ndoo!

Ya maji!

Kiu!

Ya wote!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mafundi wao, palikuwa na jabali katika nchi kavu. Jabali lile lilidondosha maji. To. To. To. Mchana to, usiku to. Halina haraka, halipumziki. Chini yake lilikaa pipa kubwa la plastiki, na pipa ndilo lililowaweka hai. Mwenye kiu alikuja, akanywa, akaenda zake.

Pipa lilitoka wapi? Mto wa bondeni, enzi ukiwa na maji, ulileta vyombo vilivyotupwa na binadamu. Makopo, madumu, ndoo, vyote vya plastiki. Mhanga, yule mla mchwa mwenye makucha ya kuchimba, alikuwa fundi wa tanuri. Alilichimba tanuri lake ndani ya kichuguu. Humo aliyeyusha vyombo, akavimimina kwenye kalibu ya udongo, vikapoa, vikawa pipa.

Lakini hakuna kopo lililoingia motoni kabla ya kupita kwa Nungunungu. Huyu mama alikuwa mbanduaji. Makopo yalikuja yamebandikwa karatasi za picha. Aliyaloweka kwenye karai lake, akayakwaruza kwa miiba. Kwaru, kwaru, kwaru. Karatasi ikazama chini, kopo likaelea juu likiwa tupu. Aliyeleta kopo alimwachia kiazi. Kwa viazi hivyo mama yule alimlisha bintiye, mtoto wa miiba laini, baba yake hayupo.

Na sheria ilikuwa moja: picha isiingie motoni. Sheria hiyo haikuzuka hivi hivi. Zamani walitia kopo na karatasi yake, pipa likatoka na vipele na matundu, likavuja kama pakacha. Wakaapa, haitatokea tena.

Basi, kulikuwa na ndoo nyeupe zenye picha ya jogoo. Kilemba chekundu, mkia wa manjano, kifua mbele. Jogoo yule hakuwa na ukingo wa kushika. Ukipapasa, huoni picha inaanzia wapi na ndoo inaishia wapi. Wanyama walizichukia ndoo zile. Waliziita ndoo kaidi, wakazitupa kando ya tanuri. Zikarundikana mpaka zikawa kilima.

Mwaka ule jua likawa kali. Mto ukakauka. Siku moja, mchana kweupe, pipa likapasuka. Pwaa! Maji yote yakanywewa na mchanga. Wanyama wakasimama wanatazama. Jabali likaendelea, to, to, to, na kila tone likapotelea ardhini. Eti maji yapo, na wanyama wanakufa kwa kiu. Mmeona mambo hayo?

Mhanga akatafuta makopo ya kubanduka, hakupata hata moja. Palibaki kile kilima cha ndoo kaidi. Akamwambia Nungunungu ambandue jogoo, afanye afanyavyo.

Nungunungu akakaa kitako. Kwaru, kwaru. Jogoo anamtazama. Kwaru, kwaru. Mwiba ukakatika, akashika mwingine. Ndoo ikawa nyembamba, vumbi lake likapeperuka na upepo. Akakwaruza, akakwaruza, mpaka ndoo ikatoboka. Na kwenye kile kipande kilichobaki, jogoo bado ana jicho moja, bado anamtazama! Mama yule akalia. Alilia kwa hasira na kwa aibu, kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kumshinda.

Alipofuta machozi, akatazama karai lake. Ndani mlikuwa na maji kidogo machafu yasiyonyweka, mabaki ya siku za nyuma. Chenga za ndoo zilikuwa zimeanguka humo. Chenga nyeupe zinaelea. Chenga nyekundu, za kile kilemba, nazo zinaelea. Akazisukuma chini kwa kidole. Zikaibuka pamoja, zikakaa bega kwa bega.

Nungunungu akainama karibu. Miaka yote picha zake zilizama. Hii haikuzama. Jogoo na ndoo walikuwa mwili mmoja.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa, wanangu, ingawa yeye hakujua ilifanyikaje. Binadamu walioifinyanga ndoo ile hawakuibandika picha baadaye. Waliitanguliza picha ndani ya kalibu, picha ya plastiki ileile. Kisha wakamimina plastiki ya moto, vikashikana, vikapoa vikiwa kitu kimoja.

Furaha yake haikufika mbali. Wazo likamchoma. Kama picha hii inaingia motoni, mbanduaji wa nini? Viazi vitatoka wapi? Akalifunika karai kwa majani, akanyamaza. Msimlaumu haraka. Tumbo nalo lina sauti yake.

Akaenda kumtafuta bintiye. Akamkuta jabalini, amebandika ulimi kwenye jiwe, anasubiri tone. Ulimi umekauka, mweupe. Nungunungu akageuka pale pale. Akarudi, akalichukua karai, akaenda nalo moja kwa moja kwa Mhanga mbele ya wanyama wote.

"Ziingie motoni na jogoo wao," akasema.

Mhanga akakataa. Akamkumbusha vipele, akamkumbusha matundu. Wanyama wakanung'unika kwamba kiu imemvuruga akili. Nungunungu akamwonyesha zile chenga. Mhanga akazizamisha kwa kucha, zikaibuka. Akazizamisha tena, zikaibuka tena.

"Na likivuja?" akauliza Mhanga.

"Likivuja, nifukuzeni mimi. Mwanangu mumnyweshe umande."

Ndoo zikaingia. Moto ukavuma, vuuu! Wanyama wakasogea mlangoni mwa tanuri. Jogoo akalegea shingo. Kilemba kikawa uzi mwekundu, mkia ukawa uzi wa manjano, nyuzi zikazunguka ndani ya weupe, zikazunguka, zikazunguka. Hakuna kilichoungua. Hakuna kilichojitenga. Jogoo akaingia katika ndoo kama sukari ndani ya chai, na wanyama wote wakawa kimya, hata Kanga, ambaye hanyamazi hata akiatamia. Nungunungu miiba ilimsimama yote. Alikuwa ametazama picha maisha yake yote, na hakuwahi kuona kitu kama kile.

Pipa likatoka. Halikuwa jeupe, nisiwadanganye. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Lakini lilikuwa laini, halina kipele, halina tundu. Wakaliweka chini ya jabali. To. To. To. Wakangoja. Maji yakapanda, yakapanda, na nje hapakulowa.

Binti wa Nungunungu alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Kisha akalizunguka pipa, akitafuta.

"Mama, jogoo ameenda wapi?"

"Ndiye huyo anayekushikia maji."

Na kazi ya Nungunungu je? Kesho yake Mhanga aliletewa ndoo yenye picha ya kung'aa, nayo pia haina ukingo. Wanyama wakataka itupwe motoni mara moja, si wameshajua? Mhanga akasema ipite kwanza kwenye karai. Nungunungu akaikwaruza juu ya karai. Chenga za ndoo zikaelea, za ule mng'ao zikazama, chubwi. Ikawekwa kando. Aliyeileta akaacha kiazi.

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo, picha ni nguo ya ndoo: nguo ya ukoo mmoja na mwili huvuka moto pamoja, nguo ya kuazima huharibu chungu kizima. Na sheria iliyowaokoa jana, ipimeni leo kabla haijawaua kwa kiu.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya jabali, pipa limejaa. Mwenye kiu na akanywe.