Sanda ya Sultani Badrudini

Mniwie radhi mapema, maana hekaya hii nitaiharibu. Aliyenisimulia aliijua vizuri, ila mimi nilikuwa nacheka pale alipotaka nisikilize.

Hapo zamani palikuwa na Sultani Badrudini, aliyemwachia mwanawe kiti, mwenyewe akabaki na baraza, kahawa na masikio. Kazi yake ikawa moja tu: kuwauliza wasafiri, wapiga mbiu wa nchi za nje wanamtangazaje. Wa kaskazini walitangaza kwamba alitoza kodi hata majogoo kwa kuwika. Wa kusini walitangaza kwamba majogoo waliposikia, walihama. Wa ng'ambo hawakumtaja kabisa, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Basi akamwita Shakombo, mcheshi asiye na kitu ila mke, kibanda na ulimi.

"Shakombo, nataka wapiga mbiu wa nchi zote tatu wanisifu kwa kauli moja. Usiwahonge, wala usiseme uongo. Ukishindwa, utahama mji huu wewe na mkeo, na kibanda chenu nitakifugia mbuzi."

"Bwana wangu, hongo hapana, uongo hapana. Basi imebaki kweli, nayo ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Shakombo."

"Naondoka, bwana."

Akaenda nchi hadi nchi, na katika kila soko akasimama kwa muuza nguo, uso umemsawijika kwa kukikumbuka kibanda chake, akasema: "Nikatie bafta ya sanda, ya Sultani Badrudini." Muuza nguo akashika tama, na kabla mkasi haujagusa bafta, wapiga mbiu walikwisha kutoka mbio. Hakuna aliyeuliza amekufa lini, kwani mpiga mbiu anayeuliza huwahiwa na mwenziwe.

Haukupita muda, wajumbe wa nchi zote tatu wakaingia mjini na ubani. Wakamkuta mzee mmoja barazani anakula halua, wakampa pole ya msiba.

"Msiba wa nani?"

"Wa Sultani Badrudini, mzee wetu. Kwetu mbiu zinalia: mkarimu, mpole, hata majogoo wanamlilia."

Mzee akaiweka halua chini. "Hebu rudieni hapo pa majogoo."

Wakarudia. Alipokwisha kushiba sifa, akamwita Shakombo. "Umeniua."

"Sikukuua, bwana. Nimekununulia sanda tu, na kila mtu ana yake. Yako imekatwa mapema tu. Sifa za nchi zote mtu hupewa mara moja, siku ambayo hazisikii. Wewe umezisikia na halua mdomoni."

Sultani akamgeukia mjumbe wa ng'ambo. "Na kwenu? Walisemaje?"

Mjumbe akainamisha kichwa. "Walisema, Mungu amrehemu. Kumbe siku zote hizi alikuwa hai."

Basi Sultani akacheka mpaka halua ikampalia, ikawa nusura sanda ipate kazi. Shakombo akabaki na kibanda chake, akapewa na mbuzi juu yake.

Nanyi ikiwa hamkucheka, msimlaumu Shakombo. Kosa ni langu: ningekufa kwanza, mngeisifu.