Nyoka Asiyejua Kushoto

Tangu jembe la kwanza litiwe mpini, mabingwa wa hekima wamekuwa wakitukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana ya methali hii ni pana kama anga na nzito kama kinu: mtu aliyeishika kazi yake kwa moyo haulizi jembe ni la nani, limenolewa lini, wala mpini wake una rangi gani. Hulima. Basi, enyi wasomaji, ketini vizuri, mkunjue miguu, mtege masikio, msikilize hadithi ya shamba lenye rutuba, mkulima hodari na jembe butu.

Kusema kweli, hakuna shamba. Mkulima pia hayupo, na jembe pekee lililopo shuleni kwetu ni la adhabu, ambalo hakuna aliyewahi kupewa nafasi ya kulichagua. Hadithi hii ni ya simu ya vitufe. Lakini methali ni ileile, mkivuta subira mtaona.

Shule yenyewe ni ya bweni. Simu kubwa za kupapasa kioo hazivuki geti. Simu za vitufe zinaruhusiwa, ila wiki nzima hulala ndani ya kopo la biskuti ofisini kwa Mama Mlezi. Hutolewa Jumamosi saa sita mchana na kurudishwa saa kumi. Katika saa hizo nne, wanafunzi wenye simu thelathini na moja hugombea soketi moja iliyo hai, kwenye ukuta wa ukumbi wa chakula, chini ya dirisha la kupakulia. Soketi nyingine zilikata roho zamani, zimebaki pambo.

Ugomvi ulipozidi na watu kuanza kuraruana mashati, ikatungwa sheria, ikaandikwa ukutani kwa chaki. Aliyeitunga ni Jenerali, kijana mrefu, mtanashati, mwenye akili nyingi na tabasamu la kuvutia. Hayo si maoni, ni ukweli unaojulikana na wote. Sheria ilisema hivi: mwenye alama nyingi kwenye mchezo wa nyoka ndiye wa kwanza kwenye soketi, naye atachaji mpaka atosheke, na kila mtu achezee simu yake mwenyewe. Kwa ajabu ya Mungu, bingwa wa nyoka shuleni alikuwa Jenerali.

Simu yake ilikuwa nyembamba na vitufe vyake laini kama siagi. Humo mlikuwa pia na mchezo uliotokana na ile filamu ya mlinzi wa treni anayekimbizwa na majambazi juu ya mapaa ya mabehewa. Filamu hiyo tuliionea palepale ukumbini, umeme ukakatika mlinzi akiwa hewani, kati ya behewa la saba na la nane. Kanda ikarudishwa kwa wenyewe, nasi tukabaki na mtu hewani muhula mzima. Mchezo ungeweza kutuambia kama alitua, maana kila hatua ilikuwa behewa moja, lakini hata Jenerali alikuwa akianguka palepale.

Sasa aingie mhusika wetu. Alijulikana kama Binti Dobi, kwa kuwa baba yake ndiye dobi wa shule, anayepiga mashuka na sare pasi ya mkaa katika chumba kilicho nyuma ya jiko. Simu yake ilikuwa ya baba kabla ya kuwa yake, na kabla ya baba ilikuwa ya nani, hilo ni fumbo. Mfuniko wa betri ulishapotea, betri ikashikiliwa kwa mpira wa kufungia bahasha. Kioo kilikuwa kidogo kama stempu, kina ufa kutoka pembe hadi pembe.

"Hiyo si simu," Jenerali alimwambia siku moja. "Hicho ni kipande cha sabuni ya baba yako."

"Basi lete hilo shati lako," Binti Dobi akamjibu, "nikuoneshe inavyotoa uchafu."

Watu walicheka. Jenerali naye alicheka, ila kwa meno ya mbele tu.

Mama yake Binti Dobi alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, mbali sana, mahali ambapo mtandao hupatikana juu ya ngazi ya tangi la maji tu. Nafasi ya kuipanda ngazi hiyo ilikuwa moja kwa wiki: Jumamosi saa nane, wajenzi wakishakula. Lakini betri ya binti ilikuwa kuukuu, ikitoka kwenye kopo la biskuti imekauka kabisa, na kwa kuwa simu iliyozima haichezi nyoka, foleni ya soketi ilimweka wa thelathini na moja. Jumamosi tatu mfululizo mama alipanda ngazi, akapiga, akashuka. Jumamosi ya tatu, simu ilipopata chaji saa tisa na nusu, ujumbe ukaingia: "Mwanangu, Jumatatu ya wiki hiyo nyingine kambi inahama. Tuendako hakuna mtandao mpaka mfunge shule. Jumamosi ijayo usikose."

Binti Dobi aliusoma mara mbili, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Jenerali, akausoma tena kwa sauti.

"Jumamosi ijayo nataka soketi."

"Nani haitaki?"

"Nitacheza na wewe nyoka."

"Mdogo wangu, mimi sichezi na wanaojifunza. Mfikishe kwanza mlinzi behewa la saba, ndipo tuongee."

Mchezo wa treni Binti Dobi alikuwa amerushiwa na wenzake kwa bluetooth, lakini kwenye kioo kile mlinzi alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kama mtu anayeomba kura dirishani. Binti Dobi akakaa juu ya benchi, magoti pamoja, akaanza. Behewa la tatu. La tano. La saba. Watu wakasogea. Mlinzi akaruka, akawa hewani kama tulivyomwacha siku ile ya umeme.

"Ametua!" akapiga kelele Karani, mwanafunzi mwenye chaki, aliyekuwa akiandika alama za watu ukutani. "Jamani, ametua!"

Watu walikumbatiana kana kwamba mlinzi ni mjomba wao. Jenerali peke yake hakumkumbatia mtu.

Jumatano asubuhi, mtu mmoja wa zamu ya kufagia ofisi ya Mama Mlezi aliingia humo na fagio mkono mmoja na kikombe cha uji mkono wa pili. Mtu huyo hatutamtaja, maana hadithi hii si ya umbea. Alikuwa amekoroga vijiko vitatu vya sukari ili uji unate sawasawa. Akafungua kopo la biskuti, akaitafuta simu yenye mpira, akainamisha kikombe. Mara hatua za Mama Mlezi zikasikika nje, akamimina kwa pupa, uji ukamwagikia upande mmoja wa vitufe. Akapangusa kwa kona ya shati, akafunika kopo, akafagia kwa bidii ambayo ofisi ile haijapata kuiona.

Jumamosi saa sita, Binti Dobi alipokea simu yake na mstari mzima wa sisimizi. Akaiwasha. Safari hii alikuwa ameirudisha ikiwa imezimwa, kwa hiyo chaji ilibaki kijistari kimoja, kisichotosha maongezi ya saa nane. Akabonyeza mbili, nyoka akapanda. Akabonyeza nane, akashuka. Sita, akaenda kulia. Akabonyeza nne. Kitufe kilizama, kikakaa hukohuko kama punda aliyegoma. Nyoka wake hakuweza tena kwenda kushoto.

"Pole sana," alisema Jenerali kwa sauti ya msibani. "Lakini sheria ni sheria. Kila mtu na simu yake. Jitoe tu, hakuna atakayekucheka."

Walikuwa wameshaanza kumcheka.

"Dada, tuahirishe mpaka wiki ijayo," Karani akanong'ona.

"Wiki ijayo mama hayupo."

Wakati huo baba yake aliingia na bunda la vitambaa vya meza mabegani. Aliitazama simu, akamtazama binti, akawatazama waliokuwa wakicheka.

"Pasi yangu haina mpini mwaka wa tano huu," akasema, akapita zake jikoni.

Binti Dobi akamgeukia Karani. "Ondoeni kuta."

Ambaye hajawahi kucheza nyoka aelewe hivi: ukiacha kuta, nyoka akigusa ukingo anakufa. Ukiziondoa, akitokea kulia anaingilia kushoto, na kinachoweza kumuua ni mwili wake mwenyewe.

"Hata ukitaka na paa tuliondoe," alisema Jenerali, akaanza yeye. Alicheza kwa madaha, akikata huku na kule, huku akipiga soga na mashabiki. Alama mia nne, mia tano, mia sita. Kwenye mia sita na kumi alikata kushoto kwa maringo ili watu waone, akajing'ata mkia. Karani akaandika 610. Makofi yakapigwa, na ilikuwa saa saba kamili.

Nyoka wa Binti Dobi alianza kwenda kulia. Akatoka, akaingia kushoto, akashuka mstari mmoja, akaenda kulia tena.

"Anazunguka kama aliyepoteza ufunguo!" mmoja alisema.

"Mwacheni, anaswaki meno ya simu!"

Binti Dobi hakuinua uso. Alikuwa ameshagundua jambo ambalo mwenye vitufe vyote hahitaji kuligundua: nyoka asiyeweza kugeuka hovyo hana pa kujikanyaga. Kadiri alivyorefuka ndivyo mwili wake ulivyojipanga mstari chini ya mstari, kama mashuka yaliyotoka kwenye pasi. Mia mbili. Mia tatu. Vicheko vikapungua kimoja kimoja. Mia tano. Simu ikalia ti-ti, betri ikiomba kufa.

"Itazima," Jenerali akasema. "Ikizima umeshindwa."

"Ikizima utaniambia," Binti Dobi akamjibu. "Sasa hivi nyamaza."

Alama mia sita na kumi. Wamelingana. Na hapo chakula cha nyoka kikajitokeza kushoto mwa kichwa chake, hatua moja tu. Mtu yeyote mwenye kitufe cha nne angekila kwa kufumba jicho. Yeye ilimbidi azunguke dunia nzima ya stempu ile: apande, aende kulia, atoke, aingie kushoto, apenye uchochoro uliobaki kati ya mkia na tumbo. Ti-ti. Kidole gumba kilikuwa kinateleza kwa jasho. Sisimizi mmoja alikatiza kwenye kioo, hakuna aliyethubutu kumpuliza.

Nyoka akala.

"Mia sita na kumi na tano!" Karani akavunja chaki.

Ukumbi ukalipuka. "Endelea! Endelea! Fika elfu!" Lakini Binti Dobi alibonyeza nane, akamshusha nyoka juu ya mwili wake mwenyewe, makusudi, nyoka akafa.

"Kwa nini?" Karani alilalamika. "Ulikuwa unaweka rekodi!"

"Rekodi haipokei simu."

Akaenda kwenye soketi, akachomoa chaja ya Jenerali aliyokuwa ameitanguliza pale tangu asubuhi, akamkabidhi mkononi kwa adabu zote, akachomeka yake.

Saa nane na dakika mbili simu iliita. Spika ya sikioni ilikufa zamani, ikabaki ile ya nje, kwa hiyo ukumbi wote ulisikia upepo wa juu ya tangi la maji.

"Haloo? Mwanangu? Mbona wiki tatu hupokei?"

"Nilikuwa kwenye foleni, mama."

"Foleni ya nini, wiki tatu?"

"Imeisha, mama. Baba anakusalimu. Anasema pasi bado haina mpini."

Mama alicheka huko juu, cheko refu, na Binti Dobi akageukia ukuta ili watu wasimwone macho. Waliongea mpaka mtandao ukachoka. Jikoni hata upawa haukusikika.

Kisha alichukua kipande cha chaki, akaifuta sheria ya Jenerali ukutani kwa kiganja, akaandika nyingine: "Anayesubiriwa atangulie." Mpaka leo hakuna aliyeifuta.

Hapa ndipo nilipokusudia kuweka nukta na kumkabidhi mwalimu insha hii. Nilikuwa nikiinakili kwenye karatasi safi, ukumbini, mtu akaja akasimama nyuma ya bega langu, akasoma.

"Vijiko vitatu?" akauliza Binti Dobi.

"Ni mapambo ya lugha," nikamjibu.

"Uji wa shule hauna sukari. Sisimizi walijua kuna sukari, lakini sisimizi hawahesabu vijiko. Nani alihesabu?"

Nikatazama dari.

"Na huyu mtanashati mwenye tabasamu la kuvutia, nani kasema?"

"Ni ukweli unaojulikana na..."

"Jenerali."

Basi. Ni mimi. Sukari ilikuwa yangu, kutoka kwenye sanduku langu, na kona ya shati langu mpaka leo ina doa. Nilijua mama yake angepiga Jumamosi, maana ujumbe ule aliusoma kwa sauti mbele yangu, na bado nilimwaga. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Nilidhani nikilivika mapambo litapita.

Hakunipeleka kwa Mama Mlezi. Alinipa njiti ya kiberiti yenye pamba na spiriti kidogo, akanikalisha kwenye benchi, nikasafisha kitufe cha nne mpaka kikaanza kupanda na kushuka. Alikijaribu mara moja, akashukuru, kisha akacheza raundi nzima bila kukigusa. Alama mia tisa na tano.

Mimi niliyekuwa na jembe linalong'aa, nikalidharau la mwenzangu, nikalivunja, na bado yeye ndiye aliyevuna, nasaini hukumu hii kwa mkono wangu: mchagua jembe si mkulima.