Kutu Chini ya Mkeka

Keringet nzima hapakuwa na gari lililosifiwa kama Pijo ya Mzee Kimeli. Lilikuwa pikapu la zamani, la rangi ya maziwa, lenye kiti kimoja kirefu cha mbele, na mzee aliliosha kila Jumamosi kana kwamba ni ng'ombe wa maonyesho. Jumapili lilipoingia uwanja wa kanisa, wanaume walilitazama wakitikisa vichwa. Miaka thelathini na mitano, jamani, na bado linang'aa! Kimeli alijifanya hasikii, lakini sifa zile zilimwingia kama uji wa moto asubuhi ya baridi.

Tena gari lenyewe lilikuwa na kazi iliyozidi sifa. Mkewe, Cherop, alikuwa na kidonda cha sukari mguuni, na kila baada ya wiki mbili ilimbidi afike kliniki mjini Nakuru kidonda kisafishwe na kufungwa upya. Mguu ule haukukunjika. Ulitaka kunyooshwa njia nzima, na ni kile kiti kirefu cha Pijo pekee kilichowezesha hilo. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba wakikosa kliniki hata mara moja, huenda mguu ukakatwa.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Chini ya ile rangi, kutu ilikuwa imekula hadi ikashiba. Milango ilikuwa imeoza upande wa chini, madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, zimebaki maganda, na sakafu chini ya miguu ya Cherop ilikuwa na tundu la kupitisha sufuria. Kimeli alijua. Alilifunika tundu kwa debe la mafuta ya kupikia alilolipondaponda, juu yake akatandika mkeka, kisha akanyamaza. Hata mkewe hakumwambia. Angemwambiaje, na yeye ndiye Kimeli wa Pijo?

Siku moja, Cherop akiwa kliniki, Kimeli alilipeleka gari mtaa wa Rhonda, mjini humo, kwa Akoth, fundi wa bodi ambaye babu yake alifua vyuma vya reli. Aliomba rangi tu. Akoth hakugusa mkebe wa rangi. Alichukua nyundo ndogo, akagonga mlango taratibu kutoka juu kwenda chini huku ametega sikio. Juu bati liliitika. Chini likatoa sauti ya ukuta wa udongo. Ilikuwa filla tupu, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi. Kisha akafunua mkeka.

"Mzee, mimi sipaki rangi juu ya kutu," alisema. "Hii yote nitaikata nichomelee bati zima. Lakini bati la Pijo hii halipatikani dukani. Tafuta gari kama hili lililokufa. Uliza watu."

Uliza watu! Hilo ndilo lililomchoma. Aulize watu ili Keringet ijue kwamba Pijo ni kaburi lililopakwa chokaa? Aliondoka amenuna, akampata fundi mwingine kando ya barabara asiye na maswali mengi, akazibiwa kila tundu la nje kwa filla na kupakwa rangi. Jumapili hiyo sifa ziliongezeka maradufu. Mtu akiamua kujidanganya, hakosi wa kumsaidia.

Zamu ya kliniki ilipofika, hawakuwa wamefika hata Molo walipopanda tuta. Ngo! Kiti kilizama upande wa Cherop, debe likachomoka, na mguu wenye bandeji ukateleza tunduni, ukaning'inia juu ya lami inayokimbia. Bahati nzuri Kimeli alikuwa akienda polepole. Alikanyaga breki, akauinua ule mguu kwa mikono miwili. Haukuwa umegusa chini.

Cherop alilitazama tundu, kisha akamtazama mumewe. "Baba Kiplimo, ulijua?"

"Nilijua," alisema Kimeli, na machozi yakamtoka pale pale barabarani.

Cherop hakumgombeza. Dereva wa lori la maziwa aliwahurumia, akamlaza mama juu ya magunia, wakafika kliniki wamechelewa, lakini wamefika. Pijo ikakokotwa hadi Rhonda. Akoth alimpokea mzee bila kumsimanga, akamtajia anachohitaji: sakafu, milango miwili na madigadi mbili. Kimeli alizunguka kwa wauza vyuma chakavu wa Nakuru hadi soli zikalika. Pijo kama hizo zilikuwa zimeshakatwakatwa na kuyeyushwa zamani. Wiki ikayoyoma, ya pili ikaingia, zikabaki siku sita kabla ya kliniki. Ndipo Cherop akamwambia kwamba kama aliweza kupeleka rangi kanisani, apeleke na kutu.

Kesho yake, Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Kimeli alisimama. Alisema yote: debe, mkeka, filla, mguu wa mkewe ukining'inia barabarani. Akaomba mwenye bati la Pijo popote amsaidie. Kisha akatamani ardhi ipasuke immeze.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mercyline, jirani yake. Alikuwa na madigadi mbili za Pijo, za kijani. Ndama wake walikuwa wakilambia chumvi humo. Akafuata Micah, karani wa kituo cha maziwa. Alisema kwamba baba mkwe wake, Mzee Wasike wa kule Bahati, ana Pijo isiyo na injini ndani ya banda nyuma ya nyumba. Haijawahi kunyeshewa, mabati yake mazima, na kuku wanatagia humo mwaka wa tisa sasa.

"Miaka tisa, Micah?" aliuliza Kimeli. "Na unaniona hapa kila Jumapili?"

"Mzee, gari lako ndilo lililong'aa kuliko yote," Micah alijibu. "Nani angethubutu kukuletea mabati ya kuku?"

Kanisa liliangua kicheko, na Kimeli akajikuta anajicheka mwenyewe.

Jumatatu Kimeli na Micah walikwenda Bahati. Mzee Wasike hakutaka chochote ila wanywe chai pamoja. Alichosisitiza ni kwamba kuku aliyekuwa akiatamia ahamishwe na mayai yake bila kusumbuliwa, na Kimeli mwenyewe ndiye aliyembeba, tenga kifuani. Kwa siku tatu Akoth alikata, akachomelea, akapaka dawa ya kutu. Alipomaliza, milango ilikuwa ya buluu, madigadi za kijani, na mwili ule ule wa rangi ya maziwa. Akauliza apake rangi gani.

"Iache hivyo, fundi," alisema Kimeli. "Nataka kila nikifungua mlango nimkumbuke mwenye mlango."

Ijumaa, Cherop aliteremka Nakuru amenyoosha mguu wake. Muuguzi alifungua bandeji, akainama, akaangalia tena, kisha akawaambia kwamba kidonda kimeanza kufunga. Habari ya kukata ilikuwa imekwisha. Kimeli hakujua aanze kumshukuru nani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Akoth, akamtaja Mercyline na Micah, akamtaja Wasike pamoja na kuku wake, hadi muuguzi akacheka. Miaka tisa yote msaada ulikuwa umekaa benchi moja naye kanisani, naye ameufungia mdomo wake mwenyewe. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.